Mwimbishaji wa Langas na mkazo unaopotea kanisani

Ukiwa Langas, mtaa huo mkubwa ulio kusini mwa jiji la Eldoret, ukauliza alipo kondakta, utaelekezwa stejini. Kondakta, au konda kwa ufupi, ni yule anayening'inia kwenye mlango wa matatu akiita abiria wa taoni. Yule mwingine anayesimama mbele ya waimbaji thelathini au arobaini, mikono yake ikipanda na kushuka, hana jina moja. Wazee wa kanisa humwita mwalimu wa kwaya. Vijana humwita kwaya masta. Shuleni, hasa wakati wa mashindano ya muziki, yeye ni treina. Akialikwa harusini, mshereheshaji humtambulisha kama "yule anayetusaidia na nyimbo."

Kitenzi hicho, kusaidia, ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Mpiga kinanda haambiwi kwamba anasaidia. Anapiga, na mara nyingi huja na bei yake. Fundi wa vipaza sauti haambiwi kwamba anasaidia. Anakodishwa pamoja na vyombo vyake. Lakini mtu aliyetunga wimbo, akaupangia sauti nne, akaufundisha kwa miezi miwili kila Jumamosi jioni kwa watu wasiojua kusoma nota, anasemekana amesaidia. Ikifika saa ya malipo atapewa nauli na asante. Lugha imekwisha kumpangia mshahara kabla mwekahazina hajafungua daftari.

Na si kwamba Kiswahili kimekosa neno. Tunalo neno manju, yaani bingwa wa kutunga na kuongoza nyimbo za ngoma, ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi hulikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakalisahau. Tunalo pia neno lililo wazi zaidi kwa mujibu wa sarufi: imba, imbisha, mwimbishaji. Kiambishi cha usababishi kimekaa mahali pake, kwani mwimbishaji ndiye anayewafanya wengine waimbe. Nitalitumia neno hilo humu, na atakayeona kwamba linamkwaruza masikio abaki na kwaya masta wake. Sitagombana naye.

Hoja yangu kubwa ni nyingine. Nashikilia kwamba kazi ya mwimbishaji ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya muziki, na kwamba sisi wahakiki wa Kiswahili tumeitelekeza kabisa. Tunahakiki riwaya inayosomwa na watu wachache mno, ilhali wimbo wa kwaya unaoimbwa kila wiki katika makanisa ya mabati ya Langas hatuugusi, kana kwamba maneno yake si Kiswahili.

Tuanze na mkazo. Kila aliyekaa katika darasa la isimu anajua kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema KI-ti, ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Neno likirefuka, mkazo unahama pamoja nalo, lakini hauiachi nafasi yake. Walioasi ni maneno machache, mengi yakiwa ya asili ya Kiarabu. Mfano ambao walimu hawachoki kuutoa ni wa barabara: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile na silabi ni zile zile. Kinachotofautisha maana ni mahali sauti inapotiliwa nguvu.

Sasa muziki nao una mkazo wake. Katika kila mpigo wa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, lipo pigo zito na yapo mapigo mepesi. Mtunzi akiiweka silabi yenye mkazo kwenye pigo zito, msikilizaji hahisi lolote. Anasikia maneno tu, yametoka kama yanavyotoka kinywani mwa mtu anayezungumza. Akiiweka silabi hafifu kwenye pigo zito, neno linateguka. Mbinguni linakuwa mbinguNI. Bwana linakuwa bwaNA. Tumeyasikia haya tangu utotoni kiasi kwamba tunadhani ndivyo nyimbo za kanisa zinavyopaswa kusikika.

Kosa hili lina historia, na halikuanzia Langas. Nyimbo nyingi katika vitabu kama Tenzi za Rohoni ni tafsiri za nyimbo za Kizungu, zikiimbwa kwa sauti zile zile za Kizungu. (Jina la kitabu chenyewe lingemshangaza Muyaka. Utenzi tunaoujua una vipande vinne vyenye mizani minane kila kimoja, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha bahari. Humo kitabuni utautafuta mpango huo mpaka uchoke.) Nyimbo za Kiingereza za zamani hupenda mishororo ya silabi nane, sita, nane, sita, na mwendo wake ni wa jepesi likifuatwa na zito. Maana yake ni kwamba mshororo huanza kwa pigo jepesi na kuishia kwa pigo zito. Kiingereza kinaweza hilo bila shida kwa sababu kina maneno mengi ya silabi moja, na mengine mengi yenye mkazo mwishoni.

Kiswahili hakiwezi. Ukiondoa maneno machache ya silabi moja, hakuna neno la Kiswahili linaloishia kwa silabi yenye mkazo. Kila mshororo wetu lazima uishie kwa silabi hafifu, na kila sauti ya wimbo wa namna ile inadai silabi nzito mwishoni. Hapo mfasiri amefungwa kabla hajachukua kalamu. Hata angekuwa Shaaban Robert, sauti ile ingemshinda.

Nitoe mfano niliojitungia, ili tusimguse mtunzi wa mtu. Chukua maneno "nitaimba leo". Ni silabi sita: ni-ta-i-mba-le-o. Yaimbe kwa mwendo wa jepesi, zito, jepesi, zito. Mapigo mazito yanaangukia ta, mba na o, kwa hiyo unapata "niTAiMBAleO". Hakuna silabi hata moja iliyotiliwa nguvu mahali pake. Sasa ondoa pigo jepesi la mwanzo, wimbo uanze moja kwa moja kwenye pigo zito: "NItaImbaLEo". Maneno hayakubadilika, wala idadi ya silabi. Kilichohama ni pigo moja tu, na ghafla sentensi inasikika kama sentensi.

Ipo njia nyingine. Tuseme wazee wa kanisa hawataki sauti waliyoizoea ichezewe mwanzoni. Mwimbishaji mwerevu huenda mwishoni, akaigawa ile nota ndefu ya kufungia mshororo iwe mbili, nzito ikifuatwa na nyepesi. Kisha anatafuta maneno ya silabi saba: "watoto tutaimba". Mapigo mazito yanakuta TO, tu na I, na ile mba ya mwisho inaanguka taratibu kwenye nota ndogo iliyoongezwa. Pigo moja limekutana na kiambishi tu, ambacho hakina mkazo mkuu, lakini hakuna neno lililoumia.

Wapo watu Langas wanaofanya marekebisho ya namna hii kila wiki bila kujua kwamba yana jina katika taaluma yoyote. Wanasema tu kwamba "hapa maneno hayakai vizuri," kisha wanayahamisha. Ukimuuliza mmoja amejuaje, atakwambia amesikia. Sikio lake limefanya kazi ya mhariri.

Msomaji anayetaka ushahidi kwamba jambo hili linawezekana katika wimbo mkubwa asiende mbali. Ahesabu kwa vidole mshororo wa kwanza wa Wimbo wa Taifa wa Kenya. Una silabi saba, na mikazo inaangukia ya pili, ya nne na ya sita, ile ya saba ikibaki hafifu kama inavyotakiwa. Sauti ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, na Kipokomo ni jirani na ndugu wa Kiswahili. Kamati ya watu watano iliyoushughulikia mwaka 1963, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, haikulazimika kukivunja Kiswahili mgongo. Tena, tazama toleo la Kiingereza. Katika mishororo yake ya kwanza, Kiingereza ndicho kilicholazimika kutafuta maneno yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa mara moja mgeni ndiye aliyekunja magoti apite mlangoni.

Sidhani lilikuwa jambo la bahati tu. Hyslop alikuwa mtaalamu wa muziki, lakini vilevile aliandika tamthilia za Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilizotoka katika miaka ya 1950 wakati tamthilia zilizoandikwa kwa lugha hii zilikuwa za kuhesabika. Mwaka 1964 alichapisha mwongozo wa walimu wa muziki na waongozaji wa kwaya. Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda aliyefundisha Kenya kwa miaka mingi, aliwaachia wasomi kitabu kuhusu muziki wa jadi wa Kenya kilichotoka mwaka 1986. Baada yao alikuja Arthur Kemoli, ambaye wengi wanamkumbuka kwa kwaya na kwa nyimbo za Kiluhya alizozipanga upya, na ambaye kazi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilikuwa kufundisha fasihi. Watu hawa hawakuwa na ukuta kati ya neno na nota.

Ukuta ulikuja baadaye. Na hapa lazima niseme kuhusu miaka ya Moi, kwa sababu ndiyo iliyompa mwimbishaji wa Kenya hadhi ambayo hajaipata tena. Kwaya za walimu, za wafanyakazi wa serikali na za vyuo zilihitajika katika kila sikukuu ya taifa. Washington Omondi yule yule wa Wimbo wa Taifa aliongoza tume ya rais kuhusu muziki iliyotoa ripoti yake mwaka 1984, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Thomas Wesonga, mtunzi wa "Tawala Kenya Tawala", alijulikana nchi nzima. Boniface Mganga aliiongoza kwaya ya Muungano mpaka ikairekodi Missa Luba kwa kampuni ya Philips, sahani ikatoka mwaka 1990 na kuuzwa ng'ambo. Baadaye watu wa Voi wakamchagua kuwa mbunge wao. Mtoto wa kijijini aliyekuwa na sauti na mkono mzuri wa kuongoza aliweza kuota ndoto.

Maudhui ya nyimbo nyingi za wakati ule yalikuwa sifa juu ya sifa, na sioni haja ya kuyatetea. Kwa upande wa lugha, hata hivyo, nina neno la heri. Kwa kuwa zilitungwa moja kwa moja kwa Kiswahili, na watu waliokisema kila siku, mikazo yake kwa jumla ilikaa sawa. Mwananchi aliyekuwa amechoshwa na ujumbe aliendelea kuukumbuka wimbo. Wimbo wenye mkazo sahihi unashika hata usipoupenda, na pengine hilo ndilo lililowafaa watawala.

Kwa jirani zetu wa Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwezi Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati yake ya liturujia, ambayo iliwafungulia Wakatoliki mlango wa kuimba Misa kwa lugha zao, na watunzi wa Kitanzania wakaingia kwa wingi. Upande wa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya sauti za makabila ya huko na kuzitia maneno ya Kiswahili katika Tumshangilie Mungu. Utaona kwamba Olson alianza na sauti za Kiafrika badala ya kuanza na kitabu cha nyimbo cha Ulaya, na kwa hiyo lile tatizo la mwisho wa mshororo halikumsumbua sana.

Matunda yake yanasikika Langas leo. Kabla ya simu za kisasa, zilikuwa kanda za Kwaya ya Ulyankulu, Barabara ya 13. (Barabara hiyo, kwa faida ya aliyesinzia hapo juu, mkazo wake uko kwenye BA ya tatu.) Sasa ni video za Zabron Singers wa Kahama, ambao wimbo wao "Mkono wa Bwana" ulivuka mpaka wa Namanga na kuenea Kenya yote. Waimbaji wa Langas hujifunza nyimbo hizi kwa kusikiliza na kurudia, kila mmoja na simu yake sikioni. Matokeo ni kichekesho kidogo. Kwaya ambayo haijui nota hata moja, iliyojifunza kwa simu, mara nyingi hutamka Kiswahili vizuri zaidi kuliko kwaya iliyofundishwa na mtu mwenye cheti, kwa sababu yule mwenye cheti alifundishwa kuiheshimu nota iliyoandikwa hata inapoliua neno.

Sisemi cheti ni kibaya. Nasema cheti kilitolewa na watu waliodhani lugha ni kazi ya idara nyingine.

Hali hii inaonekana wazi kwa walimu wa sauti, hao wanaowafundisha waimbaji kupumua, kufungua koo na kuimarisha sauti. Mafunzo yao mengi yametoka Ulaya, nayo yanasisitiza irabu: fungua kinywa, iache irabu ibebe sauti, konsonanti ipite haraka. Kwa Kiswahili ushauri huu unafaa kwa kiasi kikubwa, maana karibu silabi zetu zote huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, safi, zisizopindapinda. Mwalimu akimkataza kijana kuimba "Yesuuw" kwa kuiga wasanii wa injili wa Marekani, namuunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini kuna nazali. Neno nchi lina silabi mbili, n na chi, na mkazo uko kwenye n. Hapo hakuna irabu ya kubeba chochote. Mwimbaji anatakiwa aishike ile n, ulimi ukiwa juu na sauti ikipitia puani, kwa muda wote wa nota nzito, ndipo aiachie chi. Vivyo hivyo nne na mbu. Neno mtu nalo lina m inayostahili nota yake. Mwalimu aliyekaririshwa kwamba konsonanti ipite haraka ataimeza n, na kwaya itaimba "chi yetu". Au ataitia irabu ya bandia, ikawa "inchi yetu", kama kwamba taifa ni kipimo cha fundi seremala. Fikiria ni nyimbo ngapi za uzalendo zenye neno nchi ndani yake, ndipo utakapoona ukubwa wa jambo. Suluhisho lipo na ni rahisi: wapewe waimbaji zoezi la kuvuma kwa n na m kila mwanzo wa mazoezi, kama wanavyopewa zoezi la a, e, i, o, u. Wachache hulifanya.

Langas inaongeza ugumu wake. Mtaa huu umewakusanya Waluhya, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Wakisii na wengine. Katika kwaya moja utampata ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi r na l, aliyekaa karibu na ambaye lugha yake haitenganishi b na p kwa namna ya Kiswahili, na nyuma yao yupo wa tatu ambaye dh na z kwake ni dada. Hakuna aibu hapo. Kila lugha ina mfumo wake wa sauti. Mtu akizungumza peke yake, lafudhi yake ni kitambulisho chake na hakuna anayekosa kuelewa. Arobaini wakiimba pamoja, tofauti hizo zinakuwa ukungu: hakuna aliyekosea sana, lakini neno halisikiki. Mwimbishaji anawaketisha, anawaambia wasome maneno bila sauti ya wimbo, mara moja, mara mbili, kwa mdundo, mpaka vinywa arobaini vinafunguka na kufumba pamoja. Nijuavyo mimi, darasa jingine la fonetiki ya Kiswahili kwa watu wazima halipo mtaani humo. Hili ni la bure, na hakuna anayeliita darasa.

Ipo sababu nyingine ya kulithamini. Langas ilikuwa miongoni mwa mitaa ya Eldoret iliyoumizwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Majirani walijua kwa uchungu kwamba jina la ukoo na lafudhi vinaweza kumtia mtu hatarini. Sitaki kudai kwamba kwaya zilileta amani. Madai ya namna hiyo ni rahisi kuandikwa na magumu kuthibitishwa. Nasema tu kwamba katika kwaya yenye mchanganyiko, Kiswahili ndiyo lugha ambayo hakuna anayeimbiwa akiwa mgeni, na mtu anayeamua jinsi kitakavyotamkwa pale mbele ana dhima ambayo hatujampa heshima yake.

Nirudi kwenye mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa mwalimu wa muziki wa shule ndilo jukwaa kuu mpaka leo. Kwaya hupanda kutoka ngazi za chini hadi kaunti, kanda, kisha taifa. Mwalimu ambaye shule yake imefika fainali hujulikana, huitwa na shule nyingine kuwa treina, na baada ya miaka anaweza kuketi meza ya waamuzi. Kwa wengi hiyo ndiyo ngazi pekee ya kupandia iliyopo katika kazi hii, kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu humwajiri mtu kufundisha masomo, na kwaya ni nyongeza ya jioni.

Kwa hiyo anachokitafuta mwamuzi ndicho atakachokifundisha treina. Maoni ya waamuzi ambayo nimeyasikia katika tamasha mbalimbali huwa makini sana kuhusu kuoana kwa sauti nne, kuhusu kwaya kushuka ufunguo katikati ya wimbo, kuhusu sare na mwondoko. Kuhusu maneno, nimezoea kusikia sentensi moja: matamshi yalikuwa wazi, au hayakuwa wazi. Uwazi ni wa konsonanti. Sijasikia mwamuzi akisema kwamba mtunzi ameliweka neno kinyume na mkazo wake, ingawa kipengele cha nyimbo za jadi zilizopangwa upya kinamtaka mshiriki afanye hasa kazi ya kuyakalisha maneno kwenye sauti. Kwa lugha za toni, kama nyingi za jirani zetu wa Bonde la Ufa na Magharibi, uzembe huo ni mbaya zaidi, maana sauti ikipanda pasipofaa neno linaweza kugeuka neno jingine. Kiswahili kimetusamehe toni. Tumekirudishia fadhila hiyo kwa kuupuuza mkazo.

Tiba si ngumu. Mezani pa waamuzi aketi mtu mmoja wa lugha, alama zake ziwe za mpangilio wa maneno peke yake, na zitoshe kumnyima mtu kombe. Katika msimu mmoja matreina wote watakuwa wamejifunza mkazo.

Swali hili limekuwa la haraka sasa. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na mojawapo ya njia tatu walizowekewa ni ile ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo Muziki na Densi ni somo kamili. Waliofanya mtihani wa KCPE miaka ya 1990 wanakumbuka kwamba muziki ulitahiniwa. Kisha ukafifia, na kizazi kizima cha walimu wa shule za msingi kikapita bila kulazimika kujua do iko wapi. Somo limerudi, na shule zinatafuta wa kulifundisha. Watapatikana wenye shahada za muziki, na wanastahili. Lakini nani atawafundisha watoto hao kutunga kwa Kiswahili? Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanafunzi wa muziki na mwanafunzi wa Kiswahili wanaweza kulala bweni moja kwa miaka yote ya masomo, na wasiketi hata mara moja kwenye meza moja na wimbo mmoja mbele yao.

Wakati huohuo, mtu wa Langas ambaye ameifanya kazi hiyo kwa sikio kwa miaka ishirini hawezi kuajiriwa na shule kwa sababu hana karatasi. Kuna utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, ambao mafundi wa kuchomelea na waashi wamekwisha kuanza kuufaidi. Sioni kwa nini mwimbishaji asipimwe kwa njia hiyo hiyo: apewe shairi geni la Kiswahili na siku mbili, kisha aulizwe alete wimbo. Watahini wawe wawili, mmoja wa nota na mmoja wa neno.

Na kwa yule ambaye ana mazoezi Jumamosi hii na hawezi kungoja sera ya mtu, kuna kazi ya nusu saa. Andika maneno ya wimbo mpya chini ya d, r, m zake. Pigia mstari silabi ya pili kutoka mwisho katika kila neno, ukikumbuka kwamba n ya nchi nayo ni silabi. Kisha piga makofi kwenye mapigo mazito huku ukiyasoma maneno kwa sauti ya kawaida, bila kuimba. Mahali ambapo kofi limekosana na mstari, weka alama kwa penseli, wala usiwape waimbaji karatasi hiyo kabla hujaamua kama utahamisha neno, utahamisha pigo, au utaigawa nota.